Huyu samaki amekua tu, msimsingizie

Watu wangu wa Kigoma, mwisho wa reli, wakubwa shikamooni, wadogo mambo! Leo nipo Birmingham, duka la samaki wa mapambo. Ngoja nisogeze kamera kwenye kioo. Mnamwona huyo mdogo? Mweusi tii, madoa meupe mwili mzima. Kibandiko kinasema Tropheus duboisi, Maswa. Wa Ziwa Tanganyika huyo, jamani! Bei siisemi, mtaniita mwongo.

Sasa muuzaji kaniambia akikua madoa yanafutika, kichwa kinakuwa cha buluu, kiunoni anavaa mkanda mpana. Kweli kabisa. Ila yeye anaita hiyo evolution. Huku neno hilo halina mwenyewe: simu mpya evolution, jezi mpya evolution, mtu akipunguza kitambi, evolution. Hapana bwana. Kijana wa Mwanga akiota ndevu tunasema amekua, basi.

Mageuko, yaani hiyo evolution yenyewe, ni habari ya ukoo, vizazi kwa vizazi, na samaki wa jamii hii ndio wa kuwatazama. Wanashinda kwenye miamba wakikwangua mwani, mama anaatamia mayai machache kinywani, na ghuba ya mchanga kwao ni ng'ambo, hawaivuki. Basi wa mwamba huu wanazaana wenyewe kwa wenyewe, wa mwamba ule vilevile. Watoto wanazaliwa na tofauti ndogondogo za kurithi. Nyingine zinashika, nyingine zinapotea. Ziwa lenyewe linakadiriwa kuwa na miaka milioni 9 hadi 12, kwa hiyo muda ulikuwepo. Leo ukifuata ufukwe kwa mtumbwi, rangi zinabadilika ukienda, ndiyo maana wafugaji wa huku wanawaita kwa majina ya kwetu: Ikola, Kipili, Maswa.

Na msidhani lazima mageuko yawe kupanda daraja. Yupo samaki mwingine wa ziwa hilo, mla magamba ya wenzake, Perissodus microlepis: kinywa kimepinda, kuna wa kulia na wa kushoto, kila mmoja anavizia ubavu mmoja wa windo lake. Wa upande mmoja wakizidi, samaki wanaowindwa wanajihadhari upande huo, basi wale wachache wanashiba, wanazaa, idadi inageuka. Kisha inarudi tena. Mjapani Michio Hori aliandika hayo mwaka 1993, kutoka ziwani kwetu.

Haya, wavuvi wa Kibirizi na Katonga: huyu wa madoa mnamwitaje huko? Niandikieni, nije nimwambie muuzaji.