Radi ya Kipupwe na Kioo cha Shangazi

LUSAJO: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tulipanga kueleza hatua za kujikinga na radi, lakini Dada Upendo amerudi Mbeya kutoka Njombe na habari ambayo lazima itangulie.

UPENDO: Ahsante, Kaka Lusajo. Tulikuwa nyumbani kwa sherehe ya kipaimara wiki hii ya Saba Saba, katikati ya kipupwe, majira ambayo mtu huamka akakuta jalidi juu ya nyasi na hatarajii mvua ya maana hadi Novemba. Mchana wingu likajijenga upande wa Makete, ngurumo ikapiga kwa kishindo, na mvua ikashuka huku mahindi ya ukoo mzima yakiwa yameanikwa uani. Nilidhani shangazi ataita watu wayaokoe. Badala yake aliingia chumbani, akatoa kanga na kukifunika kioo cha kabati, maana wazee wetu huamini kwamba kioo huita radi.

LUSAJO: Kioo kabla ya mahindi?

UPENDO: Kioo kwanza, kisha redio ikazimwa, kisha watoto wakaitwa ndani. Mahindi yalilowa, na sasa tunahangaika kuyakausha upya kabla hayajaota ukungu wa sumukuvu.

LUSAJO: Poleni sana. Kwetu Tukuyu manyunyu ya Julai hayamshangazi mtu, lakini manyunyu si radi. Katika kipupwe pepo za kusini-mashariki huleta hewa ya baridi, na juu yake hukaa tabaka la hewa kavu yenye joto zaidi ambalo huyazuia mawingu yasipande. Radi huhitaji wingu refu, linalofika penye baridi ya kugandisha, ambamo chembe za barafu na vipunje laini vya mvua ya mawe hugongana na kutenganisha chaji za umeme. Ndiyo maana ngurumo ya Krismasi kwetu ni jambo la kila mwaka, ilhali katika nchi za kaskazini, ambako Desemba ni majira ya baridi, radi inayopiga huku theluji ikianguka hukumbukwa kwa muda mrefu, na theluji yenyewe huifubaza sauti isifike mbali.

UPENDO: Nami naikumbuka moja ya utotoni, tulipokuwa likizo kwa bibi karibu na Kitulo. Ilipiga usiku, baridi ikiwa kali kiasi kwamba tulilala tumezunguka jiko la mkaa, na bibi aliamka gizani kukitafuta kioo kidogo cha babu cha kunyolea ili akifunike.

LUSAJO: Tumerudi kwenye kioo.

UPENDO: Tumerudi, kwa sababu sitaikumbuka radi ile bila kioo kile.

LUSAJO: Basi niseme ninaloliamini. Kioo huakisi mwanga, hakiiti radi. Muda ambao shangazi alikuwa chumbani, wageni walikuwa wapi?

UPENDO: Wengine walibaki chini ya maturubai ya sherehe, wengine walikimbilia kwenye miti ya milingoti.

LUSAJO: Maturubai yenye nguzo za chuma na miti mirefu, mahali pabaya kuliko pote! Nyumba imara ilikuwepo, na magari yaliyofungwa vioo yalikuwepo. Desturi ile inamfanya mtu aamini kwamba amekwisha kujikinga, na hilo ndilo linaloniuma.

UPENDO: Lakini kaka, watoto wote walikuwa ndani. Waliingia kwa sababu wamelelewa wakijua kwamba kioo kikifunikwa, hakuna anayebaki uani. Wageni waliobaki nje ni wale wasio na desturi hiyo, waliojiambia kwamba Julai haina radi.

LUSAJO: Watoto waliingia kwa sababu waliitwa. Wangeitwa bila kioo wangeingia vilevile, na mapema zaidi.

UPENDO: Sikubali. Sauti ya mtu mzima hupotea katika vurugu za sherehe, ila mtoto akiona kanga juu ya kioo anajua kwamba jambo limekuwa zito. Ukiiondoa desturi ile, utaweka nini mahali pake kitakachokumbukwa na mtoto wa miaka mitano?

LUSAJO: Nitaweka kuhesabu. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, na zisipofika thelathini uwe umeshaingia ndani.

UPENDO: Mtoto wa miaka mitano haihesabu thelathini akiwa na hofu.

LUSAJO: Atafundishwa.

UPENDO: Na shangazi ataendelea kufunika kioo, nami nitamsaidia.

LUSAJO: Hapo hatutakutana, dada yangu. Fundi wetu ananionyesha saa, na zile hatua tulizoziandaa hatujazisoma hata moja.

UPENDO: Soma basi ile ya mwisho, ina umuhimu.

LUSAJO: Baada ya ngurumo ya mwisho, subiri dakika thelathini kabla ya kutoka, hata kama mahindi yako bado yako uani.

UPENDO: Hilo la mahindi umeliongeza wewe.

LUSAJO: Nimeliongeza, na ninalisimamia.