Ukiweka atributi juu ya fanksheni, uliza na prosesa
Haya jamani tuanze, muda wenyewe mdogo. Leo nataka tuongelee zile __attribute__ tunazobandika juu ya fanksheni kwenye C, yaani maagizo ya ziada kwa kompaila, maana watu wengi wanauliza kompaila ni gani, wakishaona GCC basi wanaachia zipite. Sasa GCC hiyohiyo inatengenezea x86, inatengenezea ARM na RISC-V, na kila prosesa ina atributi zake.

Mimi nilikuwa na kodi ya kupiga hesabu ya CRC32C (namba ya kukagua kama data imeharibika), fanksheni ina target("sse4.2"), yaani ruhusa ya kutumia instraksheni za ziada za x86 ziitwazo SSE4.2, ili itumie instraksheni ya crc32 ya prosesa yenyewe, kwenye laptop ya Intel inakimbia vizuri sana. Nikaipeleka Raspberry Pi ya biti 64, ikagoma kwenye nmmintrin.h, ile heda ya instraksheni hizo za SSE4.2, faili halipo, nikalitoa, ikagoma tena kwenye target. Na hapo ni afadhali maana imekataa mchana kweupe. Balaa ni naked, atributi inayoiambia kompaila isiongeze kodi yake mwanzoni na mwishoni mwa fanksheni. Kwenye ARM ya biti 32 GCC inaikubali, x86 imeikubali tangu GCC 8 ya mwaka 2018, ila AArch64 (ARM ya biti 64) inakupa woningi tu kwamba imeipuuza, halafu inaweka ile kodi ya mwanzo wa fanksheni uliyosema isiwekwe, steki inasogea, na asembli yako uliyoandika kwa mkono inasoma pasipo pake. Utahangaika siku mbili, kumbe woningi ilipita kwenye skrini katikati ya zingine kibao. Msizizime hizo woningi, nawaomba.

Mtu ataniambia si kuna __has_attribute, ya kuuliza kompaila kama inaijua atributi fulani? Ipo, GCC wameileta toleo la 5, naitumia kila siku. Ila ukiiuliza target kwenye AArch64 inajibu ipo, na ni kweli ipo, lakini inachoelewa ni +crc (ruhusa ya instraksheni za CRC za ARM), sse4.2 haiijui kabisa. Kwa hiyo andika #if ya __x86_64__ au __i386__ ndo uweke ya Intel, __aarch64__ uweke +crc, na kwingine kote ibaki C ya kawaida, polepole lakini jibu ni lilelile. Mwili wa fanksheni nao uingie humohumo ndani ya #if, usifunike atributi peke yake.

Halafu x86 ya zamani isiyo na SSE4.2 ikifika kwenye ile instraksheni programu inakufa na SIGILL (ishara kwamba prosesa haiijui instraksheni hiyo), so kabla hujaiita uliza __builtin_cpu_supports, na kwa ARM kwenye Linux uliza getauxval, uangalie HWCAP_CRC32, biti inayosema kama prosesa ina instraksheni za CRC.