Muulize Waziwazi

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi nyote.

Nafurahi kuwaona madereva wa tuktuk, kina mama wa mahamri, walimu wa madrasa, wazee wa kanisa na vijana wa maskani. Tumewaita kwa sababu mtu aliyekata tamaa ya kuishi hupita mbele yenu kabla hajafika kwa daktari yeyote.

Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hii ni sababu ya tatu ya vifo. Hapa kwetu Kenya wengi walificha, tena kwa hofu yenye sababu: Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili. Familia imemnusuru mtu wao, kisha inaogopa kumpeleka hospitali asije akakamatwa! Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Habari hiyo ifikisheni mitaani hapa Mombasa, Likoni, Kisauni, Changamwe, maana wapo ambao bado hawajaisikia.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Wengi mnaogopa kwamba ukimtajia mtu kujiua utamtia wazo. Watafiti wamelichunguza hilo na hawakuona hivyo. Wengi hupata nafuu wanapoulizwa.

Basi ukisikia mtu anasema "heri nisingekuwepo", au anagawa vitu vyake anavyovipenda, au anaaga kwa namna isiyo ya kawaida, mvute kando. Usiyaseme barazani mbele ya watu. Anza na ulichokiona: "Kaka, siku hizi huji kijiweni, na jana ulimpa mwenzio simu yako. Una nini?" Msikilize. Halafu litamke lenyewe: "Unafikiria kujiua?" Usiseme, "Hufikirii mambo ya kipumbavu, sivyo?" Hapo umeshamjibia. Atasema la ili akuridhishe, na hatakwambia tena.

Akisema ndiyo, nyamaza kidogo. Hapa ndipo ulimi hutuponza. Twakimbilia "Muogope Mungu", "Wafikirie watoto wako", "Wenzako wana shida kukushinda". Mtu huyu ameshajihukumu usiku kucha, nasi twamzidishia aibu. Imani ni nguzo kubwa hapa Pwani, na shekhe au mchungaji ajuaye kusikiliza ni hazina. Lakini mawaidha yasubiri. Mwambie, "Ahsante kwa kuniambia. Niko nawe."

Mwanasaikolojia Mmarekani Paul Quinnett alianzisha mwaka 1995 mbinu iitwayo QPR, yenye hatua tatu: kuuliza, kumshawishi mtu akubali msaada, na kumfikisha kwa wenye ujuzi. Hiyo ya tatu twaifanya nusu nusu. Twampa mtu namba ya simu, tukaondoka. La, nenda naye mpaka Hospitali ya Rufaa ya Pwani, pale Makadara, ukae naye kwenye foleni. Ikiwa hatari iko karibu, usimwache peke yake hata dakika, na usimwahidi kwamba utaifanya siri.

Viondoeni pia vitu vya hatari nyumbani. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za kilimo zenye sumu kali, vifo vya kujiua vilipungua sana nchini humo. Hamu ya kufa ni kama wimbi: hupanda, kisha hushuka, na wengi walionusurika hawakufa kwa kujiua baadaye. Muda huo wa kushuka ndio tunaoutafuta.

Na wewe uliyemo humu ambaye maneno haya yanakugusa mwenyewe, nitakuwa pale mlangoni tukimaliza. Njoo.

Sasa geuzeni viti, kila mtu na jirani yake. Mmoja awe mwenye dhiki, mwenziwe amuulize. Nataka nilisikie neno "kujiua" likitamkwa kwa sauti, bila kuzungukazunguka. Kisha mbadilishane.