Mabenchi ya Kukodi: Ugomvi wa Mapadre wa Philadelphia

Asanteni. Leo nawapeleka mbali, Philadelphia huko Marekani, mwaka 1820, parokia ya Kikatoliki ya Mtakatifu Maria.

Naanzia kwenye mabenchi. Pale muumini hakukaa popote apendapo. Benchi lilikodishwa, na waliolipia ndio waliochagua wadhamini. Wadhamini nao ndio walioshika mali ya kanisa na kumlipa padre. Hilo mlishike, maana mengine yote yanatokea humo.

Mwaka huo aliingia padre kijana kutoka Ireland, William Hogan, msemaji hodari, kipenzi cha watu. Miezi michache baadaye akafika askofu mpya, Henry Conwell, naye Mwairishi, kashapita miaka 70. Hogan hakungoja mzee apumzike na safari. Akaanza kurusha vijembe mimbarini. Desemba ileile askofu akamsimamisha huduma. Mei 1821 akamtenga na Kanisa.

Mngedhani yameisha. Wapi! Wadhamini walimkumbatia Hogan, akaendelea na Misa zake, na aliyetoka ni askofu. Alihamia Mtakatifu Yosefu, kanisa dogo la uchochoroni, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Yaani aliyetengwa yuko altareni, aliyemtenga yuko uchochoroni.

Jumanne ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 1822, ilikuwa siku ya kuchagua wadhamini. Pande mbili zilikutana mbele ya kanisa, matofali yakaruka, marungu yakafanya kazi, uzio wa chuma ukaporomoka na watu wake. Wakatoliki kwa Wakatoliki, siku mbili tu baada ya kuimba Aleluya pamoja. Sijui kama "pamoja" ndilo neno.

Wengi humbebesha Hogan lawama zote. Siafiki. Hogan aliondoka, baadaye akaoa na kuwa mwanasheria, lakini ugomvi ulibaki palepale. Mwaka 1826 Conwell mwenyewe, kachoka, alisaini mapatano ya kuwapa wadhamini kauli katika uteuzi wa mapadre. Roma ikayakataa, na mzee akaitwa huko kujieleza.

Aliyeufikisha mwisho ni Francis Kenrick, askofu mwandamizi, yaani msaidizi mwenye haki ya kumrithi Conwell, aliyeletwa mwaka 1830. Hakugombana mimbarini. Aprili 1831 alipiga marufuku ibada zote pale Mtakatifu Maria, basi. Mwezi uliofuata wadhamini wakalegea. Kanisa lisilo na Misa, nani angelipia benchi?