Fungeni Daftari Kwanza: Kifaransa cha Kuanzia Sifuri Chuoni

Wanangu, karibuni, kaeni. Naona wengi mmeshafungua daftari, na yuko mmoja pale ameanza kuandika hata sijatamka neno. Fungeni. Kila mwaka nasimama mbele ya wanaoanza Kifaransa kutoka sifuri, naomba jambo hili moja, na kila mwaka nikigeukia ubao nasikia kurasa zinafunuliwa.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Saa 8 kwa wiki, wiki 15: muhula mzima ni saa 120. Marekani ina taasisi ya kuwafundisha wanadiplomasia wake lugha, nayo hukitengea Kifaransa saa 600 hadi 750 za darasani, kwa watu wazima ambao kazi yao kipindi hicho ni kujifunza tu. Ninyi mna isimu, mna fasihi, mna foleni ya kusaini bumu, hela za mkopo. Saa ya kupoteza hamna, na mahali mnapozipoteza ni kwenye daftari.

Chukueni kitenzi parler, kusema. Je parle, tu parles, il parle, ils parlent. Mwanafunzi wa daftari anaona mikia mitatu tofauti, anakesha akiikariri, asubuhi anakuja na macho mekundu anaitamka yote mitatu. Sasa sikilizeni ninavyotamka mimi. Kitenzi kimebadilika wapi? Hakikubadilika! Ni parl, parl, parl, parl. Msemaji anajulikana mbele: je, tu, il. Haya, semeni Kiswahili: nasema, unasema, anasema, wanasema. Mtendaji yuko wapi? Mbele! Kifaransa cha mdomoni ni jirani yenu kabisa. Kinachowatisha ni cha karatasini.

Najua kuna atakayeniuliza: Mwalimu, il na ils mbona zinasikika sawa, nitajuaje ni mmoja au wengi? Swali zuri. Mara nyingi mazungumzo yenyewe yatakuambia. Lakini kitenzi kikianza na irabu, ile s iliyokuwa kimya inaamka na kuwa z. Ils ont, wana kitu: il-zon. Ils sont, wao ni: il-son. Sikio lililotenganisha zaa na saa tangu utotoni litashindwa nini hapo? Lakini mtu anayesoma kwa macho anaona s tu, hasikii kitu.

Na hili nalo. Je t'aime. Cheka, cheka, lakini uangalie mpangilio. Je, mimi, te, wewe, aime, penda. Ni-na-ku-penda. Mpendwa amekaa kabla ya kitenzi, kama kwetu. Anayepitia Kiingereza anamweka nyuma, ananiletea j'aime toi, nami namrudishia karatasi. Mmefundishwa miaka mingi kwamba njia ya kufikia lugha ya kigeni inapita kwenye Kiingereza. Kwa maneno ya vitabuni, sawa, kitawasaidia. Kwa umbo la sentensi, pitieni nyumbani.

Nilikuwa na mwanafunzi, jina lake naliacha, alama zake za kuandika zilikuwa za juu kuliko darasa zima. Akaenda Bujumbura. Sokoni akauliza bei ya kitenge, mama muuzaji akamjibu: nonante-cinq mille. Kijana akaduwaa. Tisini na tano darasani aliikariri quatre-vingt-quinze, yaani nne-ishirini na kumi na tano, hesabu ya Ufaransa. Warundi, Wanyarwanda na Wakongo wa Kinshasa walikipokea Kifaransa kwa Wabelgiji, kwa hiyo sabini kwao ni septante na tisini ni nonante. Lakini sikilizeni kilichoniuma. Nonante si neno gumu, na cinq, tano, na mille, elfu, alizijua zote mbili. Hakuzisikia. Akatoa daftari, akamwomba yule mama amwandikie. Mama akaandika, akamtazama kwa huruma, biashara ikamalizikia kwa Kiswahili. Miaka mitatu ya chuo!

Mtaniambia mtihani ni wa kuandika. Ni kweli, na mtaandika. Sijasema msiandike milele. Nasema sentensi ipite sikioni, ipite mdomoni, ndipo ishuke mkononi.

Neno divai mnalijua. Limetokana na du vin. Waliolichukua hawakuwa na daftari. Walisikia du vin, wakalibeba zima, pamoja na du, kile kineno cha mbele yake. Krioli ya Mauritius, lugha iliyozaliwa kutokana na Kifaransa, ilifanya vivyo hivyo: nyumba ni lakaz, kutoka la case, maji ni dilo, kutoka de l'eau. Nanyi bebeni hivyo hivyo. Usijifunze table, meza, jifunze la table. Usijifunze livre, kitabu, jifunze le livre. Watu huja kunililia kuhusu jinsia ya nomino, le ya kiume na la ya kike. Jamani! Mtu aliyelelewa na ngeli zote zile, asemaye kitabu kile kizuri na mti ule mzuri bila kufikiri, anaogopa makundi mawili? Tofauti ni kwamba kwetu ngeli mara nyingi inaonekana kwenye neno lenyewe, ki au m. Kwao mara nyingi haionekani, kwa hiyo ukiiacha le au la njiani, umeliacha neno.

Muda unanikimbia. Nilitaka kuzungumzia kamusi, na hizo tafsiri za simu, na kazi zilizopo tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Siku nyingine. Kwa sasa niseme tu: madereva wanaotoka Lubumbashi kuchukua mizigo bandarini wanazungumza Kiswahili na wengi wao Kifaransa pia. Waamkieni. Hawatozi ada.

Limebaki zoezi. Irabu zetu tano hazitoshi, ya sita tunaitengeneza sasa hivi. Semeni i ndefu. Ulimi usihame. Kusanyeni midomo kama mnapiga mluzi. Ndiyo hiyo! Au-dessus, juu. Au-dessous, chini, hapo ni u yetu ya kawaida. Nitanyoosha mkono juu au chini, ninyi mtaje. Safu ya nyuma, anzeni ninyi. Na wewe, weka kalamu chini.