Hema la Jumatatu asubuhi

Haya, nimepewa dakika 20 na walioniita wanajua nikishaingia kwenye habari ya hema sitoki humo, kwa hiyo msinionee ajabu.

Hebu nyoosheni mikono. Nani amekuja na chupa yake ya maji? Eeh, karibu wote. Nani ameacha mirija ya plastiki? Safi sana, naona mnajipenda. Sasa nani tamasha la muziki lililopita aliacha uwanjani hema alilolalia? ... Hakuna? Hata mmoja? Basi yale niliyokusanya mimi yalishuka na mvua.

Tufanye hesabu kidogo, msiogope. Mwaka 2019 chama cha matamasha huru cha Uingereza kilikadiria kwamba mahema kama 250,000 yanaachwa kila mwaka kwenye matamasha ya nchi ile peke yake, na kwamba hema la kawaida, kilo 3 na nusu hivi na sehemu kubwa yake ni plastiki, ni sawa na mirija 8,750. Sasa gawanyeni. Ukikataa mrija mmoja kila siku iliyoumbwa na Mungu, bila kuruka hata moja, itakuchukua karibu miaka 24 kulipia hema moja uliloliacha kwa sababu Jumatatu, tamasha limekwisha, kichwa kilikuwa kinauma. Miaka 24! Halafu mtu anapiga picha na chupa yake ya bati anapost.

Mwaka wangu wa kwanza kujitolea kusafisha uwanja nilidhani tutaokota makopo. Tukafika saa 12 asubuhi, jukwaa linashushwa, ukungu umelala chini, nami nikaona mji mzima wa mahema umesimama, rangi rangi hadi kwenye miti kule mwisho, nikasema kumbe watu bado wamelala. Nikawa natembea kwa kunyata ati nisiwaamshe! Nikafika kwa moja nikabisha, yaani unabishaje hema, nikakohoa tu. Kimya. Nikafungua zipu, ndani kuna godoro la upepo limejaa kabisa, soksi, viatu vya mvua vya maana, na kibandiko cha bei bado kinaning'inia kwenye hema. Halikuwa na hata siku nne duniani. Likafuata lingine hivyo hivyo, na lingine, mpaka mchana nikaacha kukohoa.

Ndipo akapita kijana na begi lake mgongoni anaelekea kwenye basi, nikamuuliza vipi kaka, hema? Akanijibu kwa upole, na ndicho kilichoniudhi, ule upole: "Nimeliacha kwa ajili ya wakimbizi."

Najua kuna mtu hapa ameshaanza kusema moyoni lakini si kweli mashirika yanakuja kuchukua? Yanakuja ndiyo. Watu wachache na gari lao, siku moja mbili, mbele yao maelfu ya mahema yaliyolowa, fito moja imevunjika, vigingi nusu havipo, ndani mtu ametapika. Wanaokoa machache, mengine yanasombwa na trekta yanaenda kuchomwa au kufukiwa. Na usiniambie habari ya kurejeleza, kitambaa ni polyesta kimepakwa plastiki nyingine ili kisivuje, fito ni za nyuzi za kioo, zipu, kamba, wavu, nani atakaa kuvitenganisha? Zawadi ukitaka kutoa unaifua, unaikunja, unampelekea mtu mkononi. Kuacha uchafu wako na kuuita sadaka sijui ni dini gani.

Halafu vigingi. Viwanja vingi vya matamasha ni malisho, Glastonbury yenyewe, lile tamasha kubwa la Uingereza, ni shamba la ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe hachagui, anameza kwanza anacheua baadaye. Chuma kikiingia kinakaa kwenye tumbo la pili, jirani kabisa na moyo, kinaweza kutoboa. Ndiyo maana sisi baada ya kuokota kwa mkono tulipita tena tumeinama kama tunatafuta pete ya harusi.

Naona naonyeshwa saa. Haya, mkojo, haraka. Msicheke. Nendeni chooni. Mwaka 2019 watafiti walipima mto unaopita shamba la Glastonbury wakakuta kokeini na MDMA, dawa za kulevya zinazotoka na mkojo wa watu, kokeini kwa kiwango cha kuweza kuwadhuru mikunga, samaki wa watu hata tiketi hawakununua. Wenzetu wa Roskilde kule Denmark mwaka 2015 walikusanya mkojo wa tamasha lita 50,000 na zaidi, ukawa mbolea ya shayiri, na 2017 shayiri ile ikawa bia. Mbolea nimesema, jamani, mbolea, wacheni nyuso hizo.

Usafiri ulitakiwa uwe nusu ya mhadhara huu, maana kwa kawaida hewa chafu nyingi inatoka kwenye safari za wanaokuja, si kwenye jenereta. Bendi ya Massive Attack Agosti 2024 walipiga shoo mji wa Bristol, Uingereza, kwa betri bila dizeli, na maegesho ya magari hawakuweka kabisa. Watu walikuja. Inatosha hapo, mengine tuulizane nje.

Swali? Wewe dada wa nyuma. ... La, "hema la tamasha", la kutumia mara moja na kutupa, hakuna kitu kama hicho, ni jina la dukani tu, chama kile cha Uingereza kiliwaomba wenye maduka waache kuyauza hivyo. Hema ni hema. Lile lenye kibandiko cha bei nililibeba mimi, huu mwaka wa sita nalala humo. Zipu ya kushoto imegoma, natokea kulia.