Ule Mzee wa Nyuma ya Mananasi

NSIMIRE: Haya tuko hewani. Jambo kwenu bote, siye tuko hapa Nguba, Bukavu, mvua iko napiga mabati kwa hiyo mutatuvumilia na hiyo sauti, mimi ni Nsimire, niko na mukubwa wangu Bahati, na leo tunaongea matembezi ya kupiga mafoto kwa kisiwa ya Idjwi, mu ziwa Kivu. Yaya Bahati, umeamkaje?

BAHATI: Salama dada yangu, ni mgongo tu. Ile bato ya kurudia ilijaa mananasi, tuliyakalia kutoka Idjwi mpaka Beach Muhanzi, lakini moyo wangu uko mwepesi sana, sikudanganye. Tulikuwa batu saba, aparei mbili za kupigia foto, na kila mutu na telefone yake.

NSIMIRE: Na bahasha moja.

BAHATI: Na bahasha moja. Hiyo tutaifikia, ni yo ilinifanya nitake kipindi ya leo.

NSIMIRE: Mbele tuseme na wale hawajafika kule, juu batu mingi ya Bukavu banakulaka nanasi ya Idjwi kila wiki na hawajakanyaga udongo yake ata siku moja. Idjwi si kale kajiwe ka kuzunguka asubuhi unarudi muchana. Kwa visiwa vya ndani ya maziwa hapa Afrika, ni Ukerewe tu ya Tanzania inaipita ukubwa. Ni teritware nzima, na iko na shefri mbili, ni kusema maeneo ya machifu, Rubenga kaskazini, Ntambuka kusini. Kwa hiyo ukisema "nilienda Idjwi" nitakuuliza Idjwi gani.

BAHATI: Siye tunaendaka kusini juu njo karibu na Bukavu. Na kitu ya kwanza, ukishuka usitoshe aparei. Weka mu saki. Enda usalimie, tafuta chifu wa kijiji ao mutu wake, mueleze munakuja kufanya nini, muko bangapi, munatoka wapi. Nimeona vijana banashuka tu kwa bato, aparei tayari kwa shingo, banaanza kupiga bamama benye kuoga na watoto kwa maji. Hapana. Yule ni mutu yuko kwake.

NSIMIRE: Mimi niliwasalimia kwa Mashi, bao ni Bahavu, bakanijibu bila shida, lugha zetu ziko karibu sana. Mama mumoja akacheka, akasema "kumbe ni mutoto wetu", na nafikiri ile dakika ilitusaidia kupita aparei zote.

BAHATI: Sasa mwanga. Batu banatuandikiaka, banasema yaya mafoto yetu ya ziwa inatoka nyeupe, sura ya mutu inatoka nyeusi kama mukaa. Sikia. Telefone inaangalia kitu yenye kungaa zaidi, na kwa ufuko kitu yenye kungaa zaidi ni maji. Inapima maji, inasema "mwanga imezidi", inapunguza, na sura yako inaingia gizani. Gusa sura ya mutu kwa ekrani, ufinye hapo kidogo, telefone itapima sura. Maji yatakuwa meupe zaidi, sawa, lakini utamuona rafiki yako.

NSIMIRE: Ao umutoe kwa jua, umuweke chini ya mugomba.

BAHATI: Kivuli ya mugomba ni studio ya bure, kweli. Na ukiwa Goma ama pale kisiwa ya Tchegera ni mambo ingine, juu kule ufuko ni volkano. Rafiki zangu ba Goma banajua, jiwe nyeusi, muchanga nyeusi, na Tchegera yenyewe ni ukingo wa shimo la volkano ya zamani, njo maana iko na umbo ya mwezi muchanga. Aparei ikiona nyeusi mingi inafikiri ni giza, inaongeza mwanga, jiwe inatoka kijivu kama sementi na mbingu inaungua. Basi wewe urudishe chini, punguza kipimo moja. Nyeusi ibakie nyeusi. Ile nyeusi ya Goma ni nzuri sana, usikubali mashine ikuchafulie.

NSIMIRE: Na sura?

BAHATI: Eeh, umesema vizuri. Kwa muchanga mweupe mwanga inagonga chini inapanda, inaingia chini ya macho na chini ya kidevu, sura inafunguka. Kwa jiwe nyeusi mwanga inamezwa. Kwa hiyo beba shuka nyeupe, uitandike mbele ya miguu ya mutu, nje ya foto. Utaona tofauti ile saa.

NSIMIRE: Hapa niongeze neno kwa ndugu zetu ba upande wa Goma na njia ya Sake, na ninaomba munisikilize kabisa. Mazuku. Ile hewa inatoka kwa udongo, ni gazi karbonike, ni nzito kuliko hewa ya kupumua, inajaa kwa mashimo na kwa vibonde kama maji. Huioni. Na inakuwaka kali usiku na asubuhi mapema, mbele jua na upepo viitawanye. Sasa mupiga foto anafanya nini? Anaenda alfajiri, juu ya mwanga muzuri. Na anachutama chini, juu ya foto nzuri. Ni hapo hapo. Kwa hiyo musiende mutu peke yake, muulize benye kukaa pale, bao banajua shimo gani inaua mbuzi, na kama baliweka alama muiheshimu. Hakuna foto inalipa ile.

BAHATI: Asante. Na jile kwa bato.

NSIMIRE: Jile, ile koti ya kukuelesha kwa maji, ata kama ni karibu. Sote tunakumbuka tarehe 3 Oktoba 2024, ile bato ilitoka Minova ikazama pale bandari ya Kituku, Goma, karibu na kufika kabisa. Batu balikuwa bameshaona nyumba zao. Siye kwa kikundi yetu tuliweka sheria, asiye na jile hapandi, na bato ikijazwa kupita tunashuka, tunangojea ingine, ata kama mwanga ya asubuhi itatupita. Na tunasafiri mapema, ziwa ingali tulivu, juu nyuma ya saa sita upepo unaanzaka kunyanyua mawimbi.

BAHATI: Kwa habari ya mwanga ya asubuhi, siye tuko karibu na ikweta, jua inapanda sawasawa kama ndoo ya kisima. Saa kumi na mbili inatoka, saa kumi na mbili inaingia, mwaka mzima karibu ni vile vile, na ile rangi ya dhahabu yenye batu ba Ulaya banakaa nayo muda murefu, siye tunapewa dakika kidogo tu inaisha. Kwa hiyo chagua pa kusimama jana yake. Sisemi mchezo. Jumamosi magaribi tulitembea na miguu tukatafuta mahali, Jumapili saa kumi na moja na nusu tulikuwa tumeshasimama, baridi inatupiga, juu ziwa lenyewe liko kwa mita karibu 1,460, musifikiri plaji ni joto.

NSIMIRE: Lakini usiku wa mbele ulituonyesha wavuvi!

BAHATI: Wee! Ongea yo wewe.

NSIMIRE: Wavuvi ba sambaza, ile samaki ndogo ndogo. Wale hawajaona, ni pirogi tatu zinafungwa pamoja na miti, na miti ingine mirefu imetoka mbele na nyuma kama ndevu za panzi, wavu iko hapo kati, taa zinawashwa, sambaza zinafuata mwanga. Na banaimba benye kupiga kafi, unabasikia mbele ya kubaona. Halafu ile samaki yenyewe si ya kwetu ya zamani, ililetwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, leo huwezi kumuelezea mutu wa Bukavu maisha bila sambaza. Lakini ya kupiga foto ni hii: uangalie mwezi. Mwezi ukijaa wavuvi banapumzika, juu mwanga ya taa haivute samaki tena. Ukitaka taa juu ya maji, enda wakati hakuna mwezi. Ukitaka milima na maji nyeupe usiku, enda mwezi mupevu, lakini ziwa itakuwa tupu.

BAHATI: Na trepie, ile miguu tatu ya kusimamisha aparei, iwe kwa udongo. Ndani ya bato usijaribu kufungua aparei sekunde kumi, bato inacheza, utapata mistari tu. Kwa udongo, sekunde mbili ama tatu, zile taa zinabaki nukta. Zaidi ya hapo zinakuwa nyuzi, na nyuzi pia ni nzuri, mimi nazipenda.

NSIMIRE: Haya. Bahasha.

BAHATI: Bahasha. Ongea wewe, foto ni yako.

NSIMIRE: Sasa, ile safari yetu ya kwanza, mwezi wa nane, pale tunashukiaka kuko mama anauzisha mananasi. Tulimuomba, akakubali, akajifunga kitambaa vizuri, akasimama nyuma ya mananasi yake. Yaya Bahati alimupiga na aparei kubwa, mimi nikamupiga na telefone. Tukimaliza akatuambia, bila hasira, "Banakujaka, banakamata sura yetu, banaenda nayo." Ni hiyo tu. Tulirudi Bukavu, ile neno ilinifuata mpaka kwa kitanda.

BAHATI: Mimi pia.

NSIMIRE: Basi tukachanga, tukatosha mafoto kwa karatasi, si ya yule mama tu, ya wote tulipiga, tukazifunika na plastiki juu ya unyevu, tukaweka mu bahasha. Jumamosi nikamupatia. Akaangalia kwanza sura yake, akafungua kitambaa kiunoni, akatosha kadi yake ya kura. Munazijua zile zinafutikaka. Pale sura ilikuwa, kulibakia kivuli tu. Akaweka foto pembeni ya kadi, akasema "Sasa niko." Halafu akanyamaza. Akaisogeza karibu na macho. Akaita jina, akaita mara mbili, na bamama bengine bakakimbia.

BAHATI: Nilifikiri tumekosea kitu.

NSIMIRE: Nyuma yake, kwa ile foto, chini ya mti, kulikuwa mzee anashona wavu. Sikumuona siku ile, nakuambia ukweli, mimi niliangalia mama na mananasi. Ni baba mukwe wake. Alikufa mwezi wa kumi na moja. Na hakuna foto yake ingine, ata moja, mu nyumba yote.

BAHATI: Na hapa njo niko nataka vijana ba aparei banisikie, juu miaka yote nimebafundisha kinyume. Foto yangu ya ile siku, ya objektifu ya bei, ile lensi kubwa, ilikuwa nzuri kuliko ya Nsimire. Mama anakatika vizuri, nyuma yote imelainika kama maziwa. Ule mzee kwangu ni doa ya kahawia. Hakuna mukono, hakuna wavu, hakuna sura. Niliwafundisha vijana "fungueni mlango ya mwanga kabisa, nyuma ipotee, foto itakuwa ya kiprofesioneli." Na telefone, juu jicho lake la ndani ni ndogo sana, inashika mbele na nyuma vyote wazi. Njo ilimuchunga mzee.

NSIMIRE: Foto yako ni nzuri yaya, mama aliipenda pia.

BAHATI: Ni nzuri. Lakini tangu Jumapili ule mlango ya mwanga nimeufunga, niko kwa f/8, f/11, nyuma inabaki wazi. Ukipiga mutu kwake, wacha kwake ionekane. Wacha pirogi, wacha nyumba, wacha watoto benye kusimama nyuma, huwezi kujua nani kati yao ni nani kwa nani. Kama ni arusi hapa muji unaweza kulainisha nyuma, pazia ya salle haina uzito. Ufuko wa kijiji si pazia.

NSIMIRE: Na ile swali mumoja ba siye saba aliuliza kwa bato, kama tuanze kulipa batu juu ya mafoto?

BAHATI: Mimi sipendi kulipa mbele, inafanya mutu asimame kama sanamu. Nunua nanasi zake, bei anasema, usipunguze. Na umurudishie foto. Kama huna nia ya kurudi, piga milima na maji, viko pale, havidai.

NSIMIRE: Mimi nafikiri tofauti kidogo. Kama foto itauzishwa, itaenda kwa kalenda ama kwa mutu wa hoteli, lazima yule mutu apate sehemu, na aulizwe. Hapo kurudisha karatasi haitoshi.

BAHATI: Hapo nakubali. Ikiingiza makuta, agawiwe.

NSIMIRE: Basi, mvua imepungua. Safari ingine ni Jumamosi hii, mwezi hautakuwa, kwa hiyo wavuvi batakuwa kwa maji. Mwenye kutaka kuja akuje Muhanzi saa kumi na moja asubuhi, jile yake kwa mukono, kakoti ka baridi, batri imejaa juu kule mahali tunalalaka hakuna kuran ya umeme.

BAHATI: Na ule mzee?

NSIMIRE: Nimemukata peke yake kutoka ile foto, nikamukuza. Haiko safi sana, inaonyesha punje punje, lakini macho yanaonekana na ile sindano ya wavu inaonekana. Wajukuu ni tisa, nimetosha tisa.

BAHATI: Tosha kumi. Na mama mukwe wa yule mama, yule bibi mwenye alikaa kwa mulango?

NSIMIRE: Mke wa ule mzee, eeh. Kumi.